Daktari Albert Cook wa Mengo na Watu Wenye Vidonda



Mwezi uliopita tulimtembelea mzee mmoja wa kanisa letu hapa Kagugu ambaye hakuonekana ibadani tangu kabla ya Pasaka. Watoto wake walikuwa wakituambia ana malaria, kisha wakasema ni mgongo, kisha wakasema amesafiri. Tulipoingia chumbani tulielewa. Alikuwa na kidonda mguuni, juu kidogo ya kifundo, kipana kama kiganja cha mkono. Alikifunga kwa kipande cha kitenge, na harufu yake ilimfanya aone haya kukaa karibu na watu. Kidonda kile kilikuwa na miaka miwili. Kilikwisha kupakwa majani, majivu, unga wa vidonge vya rangi mbili, na siku moja jirani mwenye nia njema alikimiminia maji ya betri.

Kwa ajili ya mzee huyo na wengine walio kama yeye, safari hii tunawasimulia maisha ya mtu aliyefariki zamani, lakini jina lake wazee wetu waliopitia Uganda wanalijua vizuri. Ni Daktari Albert Ruskin Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo. Wengi humkumbuka kwa ugonjwa wa malale au kwa shule ya wakunga. Sisi tunataka kumtazama kupitia vidonda, maana vidonda ndivyo vilivyojaza mlango wake tangu wiki za kwanza.

Albert Cook alizaliwa tarehe 22 Machi 1870 huko Hampstead, London. Alisoma Cambridge, kisha akajifunza udaktari katika hospitali ya Mtakatifu Bartholomayo, London. Angeweza kubaki kwao akafungua kliniki na kupata maisha mazuri. Badala yake alijiunga na Chama cha Misioni cha Kanisa, kile kinachoitwa CMS, na mwaka 1896 akapanda meli kuja Afrika ya Mashariki. Miongoni mwa waliosafiri naye alikuwamo muuguzi aitwaye Katharine Timpson. Walifika Mombasa mwezi wa Oktoba. Reli ya Uganda ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kujengwa, hivyo safari iliyobaki ilikuwa ya miguu, zaidi ya kilomita 1,000, wakipita nyika, milima na mito pamoja na wapagazi wao.

Ninyi mliotembea kutoka Masisi au Uvira mnajua miguu inavyokuwa mwisho wa safari ya namna hiyo. Malengelenge hupasuka, vumbi huingia, na kwa mtu asiyekula vizuri jeraha dogo hugeuka kidonda. Msafara wowote wa siku zile ulikuwa na watu wa kuoshwa miguu kila jioni. Daktari kijana alianza shule yake ya vidonda vya Afrika kabla hajaona hospitali.

Waliingia Mengo, mji wa Kabaka, Februari 1897. Siku chache tu baadaye dawa zilianza kutolewa, na wagonjwa wakaja kwa makundi. Hospitali ya kwanza ilikuwa nyumba ya matete iliyoezekwa kwa nyasi, ikafunguliwa mwaka huohuo. Cook alikuwa na desturi moja ambayo ni lazima tuitaje, kwa sababu bila hiyo tusingejua mengi: kila mgonjwa aliyelazwa aliandikiwa habari zake kwa mkono, alikotoka, alivyoonekana, alichofanyiwa na alivyoishia. Daftari hizo zilifungwa zikawa vitabu, na hadi leo zimehifadhiwa katika maktaba ya chuo cha udaktari cha Makerere inayoitwa kwa jina lake.

Vidonda vya siku zile vilikuwa vya aina nyingi. Kulikuwa na vidonda vya funza, wale ambao Wanyarwanda huita amavunja. Mdudu huyo hakuwa wa kwetu. Aliletwa Angola kwa meli kutoka Brazil mwaka 1872, akavuka bara zima katika miguu ya wapagazi na askari, na miaka ya 1890 alikuwa tayari Uganda. Watu hawakumjua, hawakujua kumtoa, wakapoteza vidole na wengine miguu. Kulikuwa na buba, ukoma, kaswende, na vidonda vya miguu vinavyokula nyama mpaka mfupa uonekane. Tena kulikuwa na majeraha ya vita. Mwishoni mwa mwaka 1897 askari wa Kisudani waliasi, na Cook akaenda Busoga kuwahudumia waliojeruhiwa. Huko ndiko alikouawa Pilkington, mwenzake wa misioni aliyetafsiri Biblia kwa Kiluganda.

Sasa tumseme Katharine, maana mara nyingi habari hizi husimuliwa kana kwamba daktari alikuwa peke yake. Daktari hukata na kuandika dawa, lakini kidonda huponywa na yule anayekifungua asubuhi. Katharine ndiye aliyekuwa mkuu wa wauguzi pale Mengo. Penisilini haikuwapo, wala dawa yoyote ya vidonge ya kuua vijidudu vya usaha, kwa hiyo mgonjwa mwenye kidonda alitegemea maji yaliyochemshwa, kitambaa kilichochemshwa, dawa kali ya kuulia vijidudu kwa kiasi kidogo, chakula, na mtu wa kurudia kazi hiyohiyo kesho. Albert na Katharine walifunga ndoa mwaka 1900. Ndugu yake Albert, Daktari John Howard Cook, ambaye wengi walimwita Jack, alikuwa amefika mwaka 1899. Hao watatu ndio waliobeba mzigo.

Mwaka 1900 walipata hospitali mpya iliyo kubwa. Mwaka 1902 radi iliipiga, moto ukashika nyasi za paa, na nyumba yote ikateketea. Wagonjwa walitolewa nje, hata wale wasioweza kutembea. Hebu fikirini mtu mwenye kidonda cha mgongo akibebwa na mkeka wake usiku. Walijenga upya, safari hii kwa matofali, na hospitali mpya ikafunguliwa mwaka 1904.

Katikati ya hayo, mwaka 1901, Albert na Jack walikuwa wa kwanza kuutambua ugonjwa wa malale katika Uganda, ugonjwa uliokuja kuua watu wengi mno kando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1903 kikatoka kitabu chake cha maneno ya uganga kwa Kiluganda, ili daktari aweze kumwuliza mgonjwa inauma wapi na tangu lini, bila mkalimani kukisia. Sisi ambao tumewahi kukaa mbele ya daktari tusiyejua lugha yake tunajua kitabu hicho kina thamani gani.

Hatutaki kumfanya malaika. Mwaka 1908 serikali ya Kiingereza ilitangaza kwamba sehemu kubwa sana ya Waganda wana kaswende, na Cook aliunga mkono hesabu hizo. Wanahistoria wengi leo wanaona hesabu zile zilikuzwa, na kwamba vidonda vingi vilivyohesabiwa kuwa kaswende vilikuwa ugonjwa mwingine, kama buba, ambayo mtoto huipata kwa kugusana tu. Watu waliaibishwa bure. Ni jambo la kukumbuka kila tunapomwona mtu na kidonda tukaanza kunong'ona kuhusu mwenendo wake.

Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza mwaka 1914, Mengo ikageuzwa kuwa hospitali ya wapagazi na askari Waafrika. Wapagazi walibebeshwa mizigo ya jeshi hadi Tanganyika, wengi bila viatu, chakula chao haba, na waliorudi walirudi na miguu iliyooza. Katika miaka hiyo Cook alizidi kuamini kwamba Waafrika wenyewe ni lazima wafundishwe utabibu na uuguzi, akaanza kufundisha wasaidizi wa hospitali. Mwaka 1919 Katharine alianzisha shule ya wakunga, na wanafunzi wake wakatawanyika katika vituo vidogo vya vijijini. Hao wasichana wa Kiganda ndio waliofanya mengi ambayo jina la Cook hupewa sifa yake.

Hapa habari hii inafika kwetu Rwanda. Katika wodi za Mengo, miaka hiyo ya vita, walifanya kazi madaktari wawili vijana, Leonard Sharp na Algernon Stanley Smith. Hao ndio waliotamani kuja Rwanda. Mwaka 1921 walianza Kabale, mpakani, na mwaka 1925 kazi ikaanzishwa Gahini, kando ya ziwa Muhazi. Daktari Joe Church alifika Gahini mwaka 1928, wakati wa njaa ile ambayo wazee huiita Rwakayihura. Mwaka uliofuata, juu ya kilima cha Namirembe, karibu kabisa na hospitali ya Cook, Church alikutana na Simeon Nsibambi, na waamini wengi huhesabu uamsho wa Afrika ya Mashariki tangu siku hiyo. Naye Sharp mwaka 1931 alifungua makao ya wenye ukoma katika kisiwa cha Bwama, ziwa Bunyonyi, ambako watu waliofukuzwa na jamaa zao waliishi katika nyumba zao, wakalima, wakajenga kanisa, na vidonda vyao vikaoshwa.

Kuhusu vidonda vya ukoma, elimu ilibadilika baada ya wakati wa Cook. Zamani wengi walidhani ukoma wenyewe ndio unaokula vidole. Baadaye Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi India na kisha Marekani, na kufariki mwaka 2003, alionyesha kwamba ugonjwa huua mishipa ya fahamu, mtu hasikii tena maumivu, na hapo miguu huharibika kwa misumari, mawe, moto na viatu vibaya. Mtu mwenye kisukari cha muda mrefu yuko katika hatari hiyohiyo. Ndiyo maana akina mama wa idara ya afya ya kanisa letu wanasisitiza kwamba mwenye kisukari atazame nyayo zake kila jioni, au mjukuu amtazamie, na akung'ute kiatu kabla ya kukivaa. Asipashe miguu kwenye mbabula, maana ataungua asijue.

Kuna ukurasa mmoja katika daftari za mwaka 1897 ambao unatuhusu sana sisi wakimbizi. Cook aliandika habari za wagonjwa waliokuwa na vidonda vipana vya ajabu, kingo zake zimelika kwa chini, ngozi ya juu ikining'inia. Hakujua ni ugonjwa gani, lakini aliueleza vizuri kiasi kwamba madaktari wa baadaye waliutambua kwa kusoma tu. Kijidudu chake kilitengwa huko Australia mwaka 1948. Miaka ya 1960 wagonjwa wengi walionekana katika kaunti ya Buruli, Uganda, karibu na mto Nile na ziwa Kyoga, na hivyo dunia nzima ikauita kidonda cha Buruli.

Miaka hiyohiyo palikuwa na makazi ya wakimbizi huko Kinyara, Uganda, karibu na Nile. Waliokaa pale walikuwa Wanyarwanda waliokimbia nchi yao. Walipewa ardhi ambayo haikuwa na watu wengi, wakafurahi kupata mahali pa kulima. Kisha vidonda vikaanza, kwa watoto hasa. Madaktari waliounda Kundi la Buruli la Uganda waliwafuatilia, na humohumo makazini wakajaribu chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1969 yalionyesha kuwa chanjo inakinga kwa kiasi, na si kwa muda mrefu. Baadhi ya wazee wetu walikuwa watoto wakati huo, wala hakuna aliyewaambia kwamba makovu ya mikono yao yameandikwa katika vitabu vya madaktari wa dunia.

Ugonjwa huo upo bado katika sehemu za Afrika, na Kongo unajulikana hasa upande wa Songololo, mkoa wa Kongo-Central. Huanza kama kivimbe kigumu kisichouma, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu kisichouma hakipelekwi kwa mganga. Bado haijathibitishwa kikamilifu jinsi kijidudu kinavyoingia mwilini, ila wagonjwa wengi ni watu wanaokaa karibu na maji yanayotiririka polepole na mabwawa. Zamani tiba ilikuwa kukata tu. Siku hizi mgonjwa hunywa dawa mbili, rifampisini na klarithromisini, kwa wiki 8, na wengi hupona bila kukatwa sana wakiwahi.

Mtauliza, basi mzee wetu wa Kagugu ana nini? Kidonda chake si cha Buruli. Kwenye kituo cha afya waliona ni mishipa ya damu ya mguu iliyochoka, damu haipandi vizuri, mguu huvimba na ngozi hupasuka. Kidonda cha namna hiyo unaweza kukipaka dawa za duka zima kisipone kama mguu unaning'inia kutwa nzima. Walimfundisha binti yake kukiosha na kumfunga bendeji ya kubana kuanzia vidole hadi chini ya goti. Bendeji hiyo si ya kujifungia mwenyewe kabla ya kupimwa, kwa kuwa mguu ambao damu haifiki vizuri ukibanwa unaweza kufa. Akiketi aweke mguu juu ya kiti, akilala auinue kwa mto.

Tumeona vema tuandike na namna ya kuosha, kwa sababu wengi wameuliza. Chemsha lita moja ya maji pamoja na vijiko viwili vidogo vya chumvi, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada. Miminia maji kidondani taratibu, usisugue nyama nyekundu inayoota, hiyo ndiyo uzima. Kitambaa kikigandamana, kiloweshe kwanza. Vuta kwa nguvu na utakuwa umeng'oa kazi ya wiki nzima. Ndugu zangu, majivu na kinyesi cha ng'ombe vinaleta pepopunda. Unga wa vidonge tumwachie aliyetengenezewa kunywa. Wala si lazima kidonda kiachwe wazi kipigwe na upepo kikauke kama wengi tulivyofundishwa na bibi zetu. Kidonda kikubwa hupona vizuri kikiwa kimefunikwa na kuwa na unyevu kidogo. Na mgonjwa ale. Maharagwe, yai, sambaza, soya, matunda. Mwili haujengi nyama kwa ugali mtupu.

Kuna aina nyingine ambayo mimi mwenyewe naandika nikiwa na uchungu. Tulipokuwa katika kambi ya kwanza, shangazi yangu alipooza upande mmoja. Tulimpenda, tulimwombea, tulimlisha kwa kijiko. Tulimlaza chali kwenye mkeka juu ya plastiki kwa sababu alilala kwa utulivu hivyo, na hakuna aliyetuambia kwamba anapaswa kugeuzwa. Baada ya siku chache ngozi ya kiunoni ilibadilika rangi. Baada ya wiki tatu palikuwa na shimo. Alifariki kwa shimo hilo, siyo kwa kupooza. Mtu asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku, upande huu, chali, upande ule. Visigino visiguse godoro, wekeni nguo iliyokunjwa chini ya ndama za miguu ili vining'inie. Shuka liwe kavu na lisilo na mikunjo. Kwa ngozi yetu nyeusi usingoje kuona wekundu, tafuta mahali palipokuwa peusi zaidi, pa moto au pagumu kuliko pembeni, na usipakande hapo, mwondolee uzito. Familia moja hapa juu imegawana zamu kwa saa ya simu, hata kijana wa miaka 14 ana zamu yake ya saa nne usiku, na mama yao ana mwaka wa pili kitandani bila kidonda.

Turudi kwa Cook. Mwaka 1932 mfalme wa Uingereza alimpa cheo cha Sir. Alistaafu mwaka 1934, lakini hakurudi Ulaya. Alijenga Makindye, kilima kinachotazamana na Mengo, akaendelea kuishi huko. Katharine alifariki mwaka 1938, baada ya miaka 41 ya kazi Uganda. Albert alibaki miaka mingine 13. Mwaka 1945 alichapisha kumbukumbu zake. Aliona penisilini ikifika, dawa ambayo ingeokoa miguu mingi aliyolazimika kuikata, akiwa mzee asiyeshika tena kisu. Alifariki Kampala tarehe 23 Aprili 1951, akiwa na miaka 81, akazikwa Namirembe. Hospitali ya Mengo ingali inafanya kazi.

Mzee wetu ameruhusu tuandike haya bila jina lake. Binti yake hupima kidonda kila Jumamosi kwa uzi, anaweka fundo kwenye uzi na kuutundika ukutani. Kuna nyuzi saba sasa, na wa saba ni mfupi kuliko wa kwanza kwa upana wa vidole viwili. Jumapili iliyopita alikuja ibadani, akaketi benchi la nyuma, mguu wake juu ya kigoda alicholetewa na watoto wa shule ya Jumapili.